Magari Yasiyo na Bampa

Wilkes, Carolina Kaskazini
12 Juni 1978

Royce ameshinda! Oleta, mwanangu ameshinda, tena si kwa kubahatisha, kawaacha nyuma wanaume wenye ndevu na majina yao yameandikwa kwenye milango ya magari! Ngoja nikae chini.

Haya, sasa nikusalimu. Hujambo mdogo wangu? Shemeji Harlan hajambo? Na mwanangu Denny? Sisi huku wazima. Clate mgongo unamsumbua tangu walipomhamishia upande wa kubeba mbao kiwandani, lakini unamjua mume wangu, ukimuuliza anasema "si kitu." Kaburi la Mama tumelipalilia. Maharagwe yamechelewa, mvua imezidi.

Nikusimulie basi. Ni uwanja wetu uleule wa mbio, wa udongo mwekundu, nyuma ya banda la kuku. Watu walijaa mpaka juu ya malori. Mzunguko wa mwisho, Royce yuko wa pili. Aliye mbele yake ni Coy Triplett, ambaye tangu enzi za Baba hajawahi kumpisha mtu, hata mlangoni pa kanisa. Nikapanda kwenye uzio nikapiga kelele, "Bisha hodi, Royce! Bisha hodi!" Na mtoto akabisha. Akamgusa kwenye bampa ya nyuma, kidogo tu, kama unavyogusa mlango wa jirani kwa kiwiko kwa sababu mikono imebeba sahani. Coy akayumba, Royce akapita kwa ndani.

Baadaye Coy akatufuata kwenye gari letu. Nikajua leo ni ngumi. Akasema, "Verlene, huyu mwanao hana adabu hata chembe." Nikamjibu, "Asante, nimemlea mwenyewe." Akacheka, akala mapaja yangu mawili ya kuku na mikate ya moto juu yake.

Hizo ndizo mbio, mdogo wangu. Gari lina paa, lina milango, lina bampa, kama lile lililoegeshwa nje ya kanisa. Gari la namna hiyohiyo Baba alibebea pombe ya magendo na askari hawakumkamata hata siku moja. Si hayo ya huko Indiana yaliyovuliwa nguo, magurudumu nje, dereva katoa kichwa kama kobe, na akishinda anapewa chupa ya maziwa anywe mbele ya watu kama ndama.

Nisalimie wote.
Dada yako, mama wa bingwa,
Verlene


Indiana, 27 Juni 1978

Dada Verlene,

Shikamoo na hongera. Barua yako niliisoma mezani kwa sauti, na kila nilipofika kwenye "mwanangu" Harlan akagonga meza kwa kijiko. Sote wazima. Mahindi yamefika gotini. Nimeanza tena kufundisha watoto shule ya Jumapili, maana hakuna mwingine anayetaka.

Harlan anasema nikwambie paa ni la watu wanaoogopa mvua. Denny naye anakuamkia, anasema, "Mama mkubwa, kuendesha gari lenu ni kugombana na mtu ndani ya chumba. Kuendesha letu ni kukimbia umebeba mayai." Ni kweli, dada. Gari letu halifiki nusu ya uzito wa lenu. Linashika barabara mpaka shingo inauma siku mbili. Injini iko nyuma, dereva amelala kama yuko kitandani, miguu yake imetangulia kwenye pua ya gari.

Sasa jambo lenyewe. Yule dereva wetu wa gari la pili, lile Harlan analolikimbiza pamoja na la Denny, amepata watu wenye fedha zaidi, kaondoka. Harlan anataka kumjaribu Royce. Anasema mtu anayeweza kulidhibiti gari kwenye udongo wenu anaweza kufundishika. Atalala chumba kimoja na Denny kama walipokuwa wadogo. Agosti, kama Clate ataridhia.

Lakini aje akijua neno moja: huku hatubishi hodi. Magari yetu hayana bampa. Gurudumu likigusa gurudumu, yanapandana. Nimekaa na watu hawa miaka ishirini, nimeona.

Mdogo wako,
Oleta


Wilkes, 5 Julai 1978

Mdogo wangu kipenzi,

Umeniua kwa furaha! Nimewaambia watu wote. Nilimwambia mwenye duka, nikamwambia mchungaji, nikamwambia mke wa mchungaji kwa sababu mchungaji hana mdomo. Yule kijana wa gazeti la wilaya alikuja na kamera, akampiga picha Royce ameegemea gari, na mimi niko pembeni na kofia yangu ya bluu. Nimekukatia, imo humu ndani ya bahasha.

Clate alikwenda tu kuosha begi lake la jeshini, lile la kijani, akalianika. Kwa hiyo ameridhia.

Na mimi nimefurahi kwamba watoto wetu watakuwa pamoja. Unakumbuka Mama alivyokuwa anawaogesha kwenye beseni moja, halafu Denny anamuuma Royce sikio? Mwana wako wangu, mwana wangu wako.

Kuhusu hayo ya kubisha hodi, Oleta, usinifundishie mtoto uoga. Nimemwambia Royce mbele ya baba yake: "Ukifika huko usijifanye mgeni. Waoneshe watu wa Indiana namna sisi tunavyopita. Asiyekupisha, mgonge kidogo, atakumbuka kuwa ana haraka na yeye." Royce akacheka, akasema, "Mama, yale ni magari mengine." Nikamwambia, "Gari ni gari. Lina usukani, lina mafuta, na mbele yake kuna mjinga."

Nampakilia siagi ya tufaha niliyoipika mpaka ikawa rojo nzito, chupa nne. Mbili zako.

Verlene


Indiana, 21 Agosti 1978

Dada,

Siagi imefika, na mleta siagi amefika. Chupa yangu ya pili Denny ameimaliza kwa kijiko, amesimama mbele ya friji. Sote salama. Harlan meno yanamsumbua na hataki kwenda kung'olewa. Mwanamume huyu anaweza kukaa ukutani mwa uwanja gari likipita jirani na sikio lake, lakini koleo la daktari linamtoa machozi.

Mwanao ana kipaji. Nakwambia mimi ambaye sisifu ovyo. Juzi alizunguka peke yake mpaka Harlan akasahau kubonyeza saa ya kupimia. Wanataniana na Denny tangu kifungua kinywa. Denny anamwita "lori." Royce anamwita "kitoto cha maziwa." Jana nimewasikia:

"Lori, leo umefunga breki mapema kama bibi anayekwenda sokoni."
"Nilikuwa nakungoja wewe, kitoto. Nilidhani umesimama kunyonya."

Lakini kwenye mazoezi amemsogelea Denny mno, mara mbili. Harlan akamtoa kwenye gari, akampigia kelele mbele za watu. Royce akasema, "Samahani baba mdogo, mkono umezoea." Si mkono, dada. Anayo sauti kichwani, na sauti hiyo tunaijua ni ya nani. Harlan ameshamwambia, mimi nimemwambia, Denny kamwambia. Mwandikie wewe. Mistari miwili tu. Mwambie kwamba huku kumwacha mwenzako apite si aibu. Wewe ndiye anayekusikia.

Mbio ni Jumapili ya tarehe kumi na saba Septemba. Njooni wote wawili.

Oleta


Wilkes, 2 Septemba 1978

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia wanataniana. Sisi wazima. Nyanya zimeiva zote kwa wakati mmoja, jikoni hapapitiki, na wiki hiyo ya mbio tuna mikutano ya injili jioni zote na mimi ndiye ninayemlisha mhubiri. Sitaweza kuja. Clate atakuja kwa basi. Mpe kitanda kigumu.

Nimeandika barua kwa Royce. Sikuandika ulichotaka. Nilijaribu, nikaandika mstari, nikauangalia, nikauona si wangu. Mimi siwezi kumwambia mwanangu awapishe watu, hata kama wana vyeti vya kuendesha hayo mabafu yenu yenye magurudumu. Nimemwandikia kwamba Carolina yote inamtazama. Ndiyo kweli.

Na Harlan asimpigie kelele mbele za watu. Ampigie pembeni.

Verlene


Indiana, 9 Oktoba 1978

Verlene,

Kwenye simu tulilia tu, hatukusemezana, kwa hiyo naandika.

Denny yu hai. Mguu wa kulia wameukata chini ya goti. Walijaribu kuuokoa, ukaoza, wakaukata. Ana homa lakini anakula.

Royce hana jeraha. Mkwaruzo mkononi.

Sikuwa nimepanga kukueleza ilivyokuwa. Nilisema Clate alikuwepo, atamweleza mkewe. Lakini jana shangazi Fern kanitumia kipande cha gazeti lenu. Kinasema Denny alihama njia ghafla akamfungia Royce. Kinasema hivyo "kwa mujibu wa mama wa dereva." Mama wa dereva alikuwa Wilkes anapika nyanya.

Basi nisikilize. Denny alikuwa mbele, kwenye njia yake, kama alivyokuwa mizunguko yote. Royce alikuwa na kasi zaidi. Wakaingia kona ya tatu. Gurudumu la mbele la Royce liligusa la nyuma la Denny. Gari la Royce liliruka juu, likapita hewani, likatua kwa magurudumu yake kama paka. La Denny liligeuka likaenda ukutani, pua mbele. Na kwenye pua ndiko iliko miguu.

Hivyo ndivyo nilivyoona. Muulize Clate.

Oleta


Wilkes, 20 Oktoba 1978

Mdogo wangu Oleta,

Jina la Denny liko kwenye maombi kila Jumatano, na mimi ndiye ninayelitaja. Kwaya imemshonea kanzu ya kulalia yenye mfuko. Matufaha ni mengi mwaka huu lakini sina mkono wa kupika siagi.

Mimi najua uchungu unasema. Ningekuwa wewe, ningesema makubwa zaidi. Lakini Oleta, huwezi kuwa na uhakika. Vumbi, kelele, na wewe ni mama, macho yako yalikuwa kwa mwanao tu. Mimi namjua Royce. Amegonga magari tangu ana miaka kumi na sita na hakuna mtu aliyewahi kupoteza hata jino. Kama Denny angekuwa na paa na milango na bampa, wangeshuka wote wawili wakatukanana, wakala. Gari ndilo lililomkata mguu. Watu wa Indiana ndio waliotengeneza gari ambalo halivumilii salamu. Mbona hamlilaumu gari?

Na gazeti, mimi sikulitafuta. Yule kijana alikuja. Aliniuliza, nami nikajibu kama mama. Hapa watu wanamsubiri Royce. Coy Triplett ananiuliza kila siku. Ulitaka nimwambie nini?

Clate hajasema lolote tangu arudi. Sijamuuliza. Mtu aliyechoka na basi humuulizi maswali.

Mwambie Royce nimemtandikia kitanda. Simu nikipiga mnaniambia yuko nje. Kila siku yuko nje?

Verlene


Indiana, 14 Desemba 1978

Dada,

Krismasi njema kwenu. Theluji imetufunga ndani. Harlan ameliuza gari la pili. Lile la Denny halikuwa na cha kuuzwa.

Royce hatakuja kwa sikukuu. Usimpigie tena ukamwambia baba yake anaumwa, tumezungumza na Clate na haumwi. Royce yuko hapa. Anambeba Denny kwenda bafuni, anamshusha ngazi, anamfunga bandeji ambayo mimi mama yake nashindwa kuitazama. Hawaitani majina tena. Wiki iliyopita tu Denny alimwambia, "We lori, ukiniangusha nitakuomba mguu wako." Royce akatoka nje, akakaa kwenye theluji bila koti mpaka Harlan alipomfuata.

Denny hakuwa ameomba kitu tangu siku ile. Sasa ameomba kimoja. Kipande cha gazeti alikiona. Kilikuwa kwenye droo, na mtu mwenye mguu mmoja ana muda wa kufungua droo. Akasema, "Mama, mguu sawa. Lakini mimi sikuhama njia. Maisha yangu yote sijawahi kuhamia njia ya mtu. Na pale Wilkes, alipozikwa bibi, wote wanadhani nilihama."

Hilo ndilo pekee lililombakia la mbio, dada, kwamba aliendesha kwa haki. Umrudishie. Nenda kwa yule kijana wa gazeti, nenda kwa Coy, simama kanisani, chagua mwenyewe. Sema tu Denny hakuhama.

Royce amesema hatakanyaga nyumbani kwenu mpaka liwe limesemwa.

Oleta


Wilkes, 3 Januari 1979

Oleta,

Heri ya mwaka mpya. Maji yameganda kwenye bomba, Clate kayeyusha kwa taa.

Umenichukulia mtoto. Nalisema kwa maandishi. Nilikupa kijana mwenye jina, mwenye watu wanaomngojea uzioni, umemfanya mfunga bandeji. Halafu unaniwekea sharti kwenye kichwa cha mwanangu wa kumzaa. Nikasimame mbele ya Coy Triplett niseme nini? Kwamba mtoto wangu alimkata ndugu yake mguu? Nikishalisema hilo, Oleta, yeye atakuwa nani hapa? Mpaka nazikwa, kila akipita dukani watasema, yule ndiye. Sasa hivi wanasema, yule ni bingwa aliyepatwa na mkosi. Mimi ndiye ninayelilinda jina hilo, peke yangu, na nyinyi wote mko upande mwingine.

Gari lake lipo uani. Clate amelifunika turubai. Nalifuta vumbi mimi.

Kanzu ya Denny ilimtosha?

Verlene


Indiana, 22 Machi 1979

Dada Verlene,

Kanzu ilimtosha. Samahani nimekaa kimya. Nilianza barua nyingi nikazitia jikoni zikaungua.

Habari ni nzuri kidogo. Denny amepewa mguu wa bandia. Anatembea na gongo moja. Ana hasira na gongo, na hasira inamsaidia. Harlan ameng'oa jino.

Nakuandikia usije ukashtukizwa. Siku ya kupamba makaburi mwaka huu tunakuja. Mimi nataka kumwekea Mama maua, na Denny anataka kuja. Royce ndiye atakayeendesha. Amesema wakati wa ushuhuda, mchungaji akiuliza nani ana neno, yeye atasimama. Nilimwambia, "Mwache mama yako aseme mwenyewe." Akanijibu, "Mama mdogo, amekuwa na miezi sita ya kusema." Nikamwambia watakuwepo watu wote. Akasema, "Ndiyo."

Mimi sikumshauri. Sitamzuia pia. Kama unataka kumtangulia, muda upo.

Oleta


Wilkes, 16 Aprili 1979

Mdogo wangu,

Barua yako nimekaa nayo wiki tatu kwenye mfuko wa aproni, imeingia unga.

Sisi wazima. Miti ya tufaha imechanua na baridi haijairudia. Coy Triplett kavunja mkono, si uwanjani, kateleza kwenye ngazi zake mwenyewe, na mimi nimecheka kuliko inavyomfaa Mkristo.

Nilimuuliza Clate. Ilikuwa asubuhi, anakunywa kahawa. Nikasema, "Ulikuwa wapi umesimama, siku ile?" Akasema, "Kona ya tatu." Nikamuuliza la pili. Akaweka kikombe chini, akanijibu kwa maneno machache, kisha akaenda kazini na chakula chake akakisahau mezani. Alichonijibu kitabaki jikoni kwangu. Usiniombe nikiandike. Sitakiandika.

Jioni aliporudi alianza kutengeneza reli ya mkono kwenye ngazi za mbele za nyumba. Mbao nzuri, kaipiga msasa mpaka inateleza. Hakuniambia ni ya nani. Denny atalala chumba cha chini, Royce chumbani kwake, wewe na Harlan kwetu. Sisi tutalala sebuleni, usibishe.

Sasa kuhusu kusimama. Hutaniona nikisimama kabla yake. Nilikwenda mpaka nyumbani kwa yule kijana wa gazeti, nikabisha mlango, mama yake akafungua, nikamuuliza habari za kuku wake, nikarudi. Mimi sijui kufanya hilo. Wengine wameumbwa na gia ya kurudi nyuma, mimi sikuwekewa. Wewe unaniona mgumu. Ni mgumu. Ndio huo ugumu uliompeleka mtoto mbele, na yote yaliyofuata, mimi nautazama.

Lakini Royce akisimama nitakuwa nimekaa benchi la mbele, na kofia yangu ya bluu. Sitamvuta koti. Sitatoka nje. Watakaonigeukia wataikuta kofia palepale.

Na ili usiseme nimemfichia uwanja: nimepita mwenyewe nyumba kwa nyumba. Nimemwalika Coy na mkono wake. Nimewaalika wanawake wa kwaya, mwenye duka, shangazi Fern na mikasi yake. Safari ya pili nilibisha kwa yule kijana wa gazeti akafungua mwenyewe. Nikamwambia, "Njoo, na kalamu uje nayo. Mwanangu ana neno la kusema." Akaniuliza ni neno gani. Nikamwambia ni lake, akamsikilize yeye. Kila niliyemwambia lile la Denny kuhama njia, Oleta, nimemwambia aje. Sikumruka hata mmoja.

Nitapika kuku, maharagwe, mkate wa mahindi, na keki ya tufaha ya tabaka kama ya Mama. Makaburi tunaosha mapema, ibada saa tano, chakula nje baada ya ibada.

Ni Jumapili ya tarehe ishirini Mei. Njooni wote.

Verlene